Nikahi Kabla ya Safari

Jumatatu, 3 Februari

Fomu kumi na nne leo dukani. Sita za pasipoti, tano za kitambulisho, mbili za shule, moja ya mzee anayetaka kusahihisha jina la kijiji chake. Mashine ya fotokopi imekwama mara tatu. Nimeipiga kofi, ikaendelea. Huku mtaani Nakawa ni joto na vumbi.

Mchana nimefungua barua pepe ya familia kama kila siku. Kimya. Huu ni mwezi wa ishirini tangu Mama atuombee kwenda kuishi naye Kanada. Mafaili mawili, langu na la mdogo wangu Shamimu, mdhamini mmoja, Mama. Nilijaza kila kitu mimi. Nilimpeleka Shamimu kupiga picha mara nne, maana kila ikibonyezwa anafumba macho.

Sheria yao naijua kama Alhamdu. Mtoto ni aliye chini ya miaka ishirini na miwili, asiyekuwa na mume wala mke. Maombi yalipowafikia nilikuwa na ishirini na moja na miezi kumi. Umri wanauandika siku ile na hawauhesabu tena. Kwa hiyo hapa mtaani nina ishirini na tatu, ofisini kwao bado nina ishirini na moja. Shamimu ananiita mtoto wa makaratasi. Yeye ana kumi na saba, hana wasiwasi wowote duniani.

Nimefika nyumbani Lubaga saa moja. Bibi ameuliza barua. Hakuna. Tumekula maharage.

Alhamisi, 6 Februari

Barua imekuja.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, mteja ananisubiri na karatasi zake mkononi. Wanataka fomu ya familia upya, moja kwa kila faili. Wazazi, ndugu, na hali ya ndoa ya kila mmoja. Wanataka pia kujua kilichobadilika tangu maombi yafike. Siku thelathini, yaani mpaka tarehe nane Machi. Nimerudi kwenye mwongozo wao. Umri hawauangalii tena, lakini ndoa wanaiangalia mpaka siku ya viza.

Nikahi yangu ni ya Novemba.

Naandika ilivyokuwa, labda nitaelewa. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye walii wangu. Aliposikia safari inakaribia akasema msichana haendi Ulaya hivi hivi, bila mwanamume nyuma yake. Tusome nikahi kabla, harusi itakuja baadaye, Haruna aliyenichumbia atamfuata mkewe huko huko. Watu wote waliona ni busara. Mama alipiga vigelegele kwenye simu. Ikasomwa msikitini baada ya Alasiri, mvua inanyesha, sinia za halua zikalowa. Mimi sikuwepo. Walikuja mashahidi wawili mlangoni kuniuliza kama nimeridhia. Nikasema nimeridhia, nikarudi kugeuza chapati.

Hakuna aliyesema nimeolewa. Walisema Sauda kashasomewa. Bado nalala chumba kimoja na Shamimu. Haruna akija anakaa kiti cha mlangoni, na akisogea kidogo Bibi anakohoa. Kwetu mke ni aliyepelekwa kwa mumewe. Kwenye fomu yao hakuna kisanduku cha kashasomewa.

Nikahi tuliyoisoma kwa ajili ya safari ndiyo iliyoiua safari. Na mimi kazi yangu ni kujaza fomu za watu. Mganga hajigangi.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Februari

Shamimu amenunua koti soko la Owino. La manyoya ndani, la kufika magotini. Amelivaa sebuleni saa saba mchana, jasho linamtiririka, anazunguka mbele ya Bibi.

"Haya Dada, hii koti inanitosha ama?"

Nimesema linamfanya mnene. Halimfanyi mnene. Limempendeza sana.

Hajui kuchambua mchele. Hajawahi kufua shuka likatakata. Fomu yake ya kwanza aliandika jina la baba pale pa mama, nikaijaza upya mimi. Yeye ndiye atakayekwenda.

Nina wivu. Ndiyo neno lenyewe, sitatafuta lingine.

Jumapili, 9 Februari

Mama amepiga saa kumi jioni, kwao asubuhi. Amegeuza simu akatuonyesha chumba. Vitanda viwili, mashuka ya maua, zulia dogo katikati. Nani anataka upande wa dirishani? Shamimu amepiga kelele kuwa yeye. Mama ameuliza mbona mimi kimya. Nikasema mtandao.

Mama alipoondoka nilikuwa na miaka kumi na miwili, Shamimu sita. Baba alikuwa keshakufa. Kuanzia siku hiyo nywele za Shamimu nilisuka mimi. Alipopata surua alilala kifuani kwangu. Siku zote nimejipoza kwa hesabu moja, kwamba mimi nilikuwa na Mama miaka kumi na miwili na yeye sita tu. Nilimzidi kwa hilo. Sasa atakuwa na Mama peke yake, kila siku, mpaka atamchoka.

Zile mara nyingine zote alipopewa kikubwa sikusema kitu. Nyama kubwa, viatu vipya vya Idi, kulia na kubebwa. Mkubwa humwachia mdogo. Nimeachia vya kutosha.

Jumatano, 12 Februari

Nimewaza jambo kutwa nzima.

Anayesoma barua hii ni mimi tu. Nikikaa kimya siku thelathini zikapita, mafaili yote mawili watayafunga. Nitasema barua haikuja. Barua hupotea. Mama atalia, ataomba upya kwa ajili ya Shamimu, itachukua miaka mingine miwili. Shamimu atakaa hapa, naye ataonja kuachwa.

Nimeyaandika ili niyaone. Yanatisha. Sijayafuta.

Ijumaa, 14 Februari

Haruna amekuja baada ya sala, na tikitimaji. Bibi alikwenda nyuma kulikata. Nikamwambia kuhusu barua, haraka haraka. Nilitaka mtu mmoja ajue.

Haruna anauza vipuri vya magari. Ana akili ya vipuri, kitu kikiharibika unakitoa. Akasema hakuna neno, ataandika talaka, nitakwenda, akifika atanioa tena. Hatujakaa pamoja, kwa hiyo hata eda sina. Alisema yote hayo kabla Bibi hajarudi na sahani.

Hakusita hata kidogo. Nilitaka asite.

Tikitimaji lilikuwa tamu. Nimekula vipande vinne kwa hasira.

Jumanne, 18 Februari

Haruna amekwenda mwenyewe kwa Baba Mkubwa. Sikumtuma. Jioni Baba Mkubwa amepita dukani kwangu, akakaa kwenye benchi ya wateja mpaka wa mwisho akaondoka. Duka lake la misahafu na kofia liko mtaa wa pili. Ndiye aliyenifundisha kusoma Kurani, na hajawahi kuketi kwenye benchi hiyo.

Amesema talaka haina mzaha. Nikahi, talaka, na kumrejea mke, ukivifanya kwa utani vimekwisha kuwa kweli. Haruna akitamka ametamka. Nami nilikuwa nimeshaangalia, kwao pia wameandika kwamba kuachana kwa ajili ya karatasi tu hakuhesabiwi. Msikiti na ofisi ya viza wamekubaliana juu yangu.

Kisha akaniangalia. Akauliza kama Shamimu anajua. Nikasema hajui. Akavuta tasbihi. Ameondoka amejikunyata, kama mtu aliyeshikwa na homa.

Alhamisi, 27 Februari

Siku tisa zimebaki.

Shamimu ameanza kugawa vitu. Sweta la shule kwa binti wa jirani. Viatu vyeusi kwa mwingine. Mimi amenipa chandarua chake, kipya kuliko changu, na kioo cha mkono. Anagawa kama marehemu. Leo ameuliza tena kama kuna barua. Nimemtazama machoni nikasema hakuna.

Hii mara ya sita. Ya kwanza nilisema nikiwa nimempa mgongo.

Baadaye nimemgombeza kwa sababu ya mchele. Ulikuwa na jiwe moja. Nimesema mambo mengi kuliko jiwe moja. Amelia, Bibi ameniuliza nimeingiwa na nini. Wivu, Bibi. Sikulisema hilo.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani. Nimefunga. Njaa naiweza. Husuda niliyonayo inakula swaumu yangu toka asubuhi, najua, na siwezi kuitoa.

Wakati wa futari kwa kina Haruna wameleta sambusa, kama desturi, kwa sababu mimi ni mke wao. Shamimu amekula tano.

Jumanne, 4 Machi

Lazima niandike hili vizuri.

Baba Mkubwa amekuja nyumbani saa tano asubuhi. Mimi sikuwa nimekwenda kazini, kichwa kinaniuma. Bibi amelala, Shamimu yuko shuleni. Alikuwa na mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na daftari la nikahi la msikiti. Yeye ndiye mwandishi wake, miaka yote. Alilifungua kwenye mkeka, akaonyesha jina langu na la Haruna, wino wa bluu, sahihi yake mwenyewe chini. Nakala ya cheti alikuwa nayo mfukoni. Haruna amemrudishia ya kwake.

Akasema:

"Mwanangu, andika hujaolewa. Karatasi hii naitoa. Kosa ni langu, dhambi nitaibeba mimi."

Na amefunga. Mzee wa miaka sabini, na swaumu, anataka kuchana daftari la msikiti kwa ajili yangu. Midomo imekauka. Alishika ukingo wa karatasi kwa vidole viwili.

Nilitaka achane. Nasema kweli. Nilikwisha kuona kitanda cha pili, lile shuka. Mimi dirishani, Shamimu ukutani.

Nikageuza karatasi nione nyuma kuna nini. Kuna nikahi nyingine. Fundi cherehani wa Nakawa na mkewe. Nawajua wote wawili. Mke huja dukani kwangu kunakili kadi yake ya kliniki, tumbo liko hapa. Ukitoa yangu na yao inatoka. Nikamwonyesha Baba Mkubwa. Akasema alijua. Akasema wao ni watu wa hapa hapa, nani atawauliza.

Hapo ndipo nilipomwonea huruma, na mimi nikajionea haya. Huyu ndiye aliyenichapa kwa kuruka aya. Alijua namficha Shamimu barua, na wivu wangu umemfikisha hapa.

Nikamwondoa vidole pole pole, nikafunga daftari.

"Baba Mkubwa, nimeolewa. Ulinioza wewe."

Alilia kidogo. Nikamwacha alie. Halafu akaomba radhi kwa kunioza vibaya, nikamwambia hakunioza vibaya, ila mapema. Akaondoka na mfuko wake kabla Bibi hajaamka.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaza fomu zote mbili dukani, kabla ya wateja.

Kwangu, hali ya ndoa, ameolewa. Tarehe ya Novemba. Fomu ya Shamimu, ndugu wa kike, ameolewa. Neno hilo hilo mara mbili. Kama ningedanganya kwangu ningekuwa nimedanganya na kwake, na uongo ukijulikana mlango ungefungwa usoni pa wote wawili. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Ndilo lililonivutia, kwamba nikianguka naye ataanguka.

Fomu ya Shamimu inahitaji sahihi yake. Kwa hiyo ilibidi nimwambie.

Nimemwambia jioni, tukichambua mchele kabla ya futari. Yote. Barua, siku zilizopita, mara ngapi nilisema hakuna. Hakuinua macho kwenye ungo. Akauliza kama ningeacha siku ziishe. Nikasema ndiyo. Sikuweza kumdanganya mara nyingine.

Aliokota jiwe kwenye ungo, akalitupa. Kisha akasema:

"Siku ya nikahi yako niliomba mvua inyeshe, Dada. Niliomba sana. Na ilinyesha."

Nikacheka, sikutaka. Kumbe siku ile alinitazama nimepata kila kitu, mume, sanduku la nguo, hereni za dhahabu, na ndege. Alitaka angalau halua ilowe. Nilikuwa sijui kama kuna mtu duniani aliwahi kunionea wivu.

Ametia sahihi. Hakunisemesha tena mpaka adhana. Ana haki.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetuma saa nne asubuhi. Siku mbili kabla.

Saa kumi nimempigia Mama. Nilimweleza taratibu. Aliuliza kama nikahi bila harusi nayo ni ndoa. Nikasema kwa Mungu ndiyo, na kwao pia ndiyo. Akasema yeye ndiye aliyepiga vigelegele. Halafu uso wake ukatoka kwenye simu, tukaona dari tu muda mrefu, na kumsikia akipenga.

Shamimu alikuwa kando yangu. Alikuwa anaumauma mkono wa koti lile.

Jumatatu, 12 Mei

Majibu. La Shamimu linaendelea, wanataka pasipoti yake. Langu limekataliwa. Sentensi moja ndefu, ya heshima, inasema mimi si mtoto wa kutegemea mzazi.

Nimeisoma mara tatu. Nimeichapa, nimeitoboa, nimeitia kwenye faili. Ni kazi yangu. Leo nina miaka ishirini na tatu kila mahali, hata ofisini kwao.

Kulikuwa na watu wanane kwenye foleni. Nimewahudumia wote.

Ijumaa, 11 Julai

Uwanja wa ndege, Entebbe. Mabegi mawili, moja lilizidi uzito, tukatoa unga wa muhogo na dagaa. Shamimu amevaa koti. Nilimsuka jana, mistari midogo, ikae wiki tatu, maana sijui kama Mama bado anakumbuka kusuka. Bibi alimsomea dua mpaka mlinzi akaguna.

Alipofika kwenye mlango wa kioo hakugeuka. Nilichukia. Kisha akageuka, akafumba macho, kama kwenye zile picha.

Haruna alinileta nyumbani kwa boda. Bibi alitangulia kwa teksi. Tulipofika Bibi hakukohoa.

Wivu upo. Sitaandika kwamba umekwisha.

Jumapili, 20 Julai

Haruna amepata nyumba ya vyumba viwili Nakawa, karibu na duka langu. Harusi Septemba. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakusita kuhusu talaka. Amesema alisita siku nne, ila si mbele yangu. Sijui kama ni kweli. Nimeipokea.

Nyumbani kumetulia. Naweka sahani mbili. Chandarua cha Shamimu ni kizuri, hakina tundu hata moja.

Saa kumi wamepiga. Shamimu yuko dirishani, misuko yangu bado kichwani mwake, haijafumuka. Amenenepa kwa siku tisa tu. Amenionyesha kitanda cha pili, Mama hajakitoa. Ameweka nguo za kukunja juu yake. Nikaangalia shuka, nikaangalia pembeni.

Kisha Shamimu amelalamika. Amesema Mama anamwita Sauda. Kutwa. Sauda njoo ule, Sauda funga mlango, Sauda umeswali? Mwanzo alimsahihisha, sasa amechoka, anaitika tu. Mama alikuwa jikoni, hakusikia. Akapaza sauti:

"Sauda, nani huyo kwenye simu?"

Tukaitika wote wawili.

Baada ya simu nimekaa kidogo na Bibi. Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi mno. Halafu nimekwenda kuchambua mchele wa kesho.